Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: daftari la nahodha lisiachiwe mchwa

Assalaamu alaykum waheshimiwa, na shikamooni nyote mlionizidi umri.

Nawaandikia nyinyi mnaosimamia makumbusho na nyaraka, nyinyi mnaokaa kupanga watoto wasome nini shuleni, na nyinyi wa hali ya hewa pia msijitoe kwenye hili, linawahusu sana tu, pengine kuliko wenzenu wote. Naandika hadharani kwa sababu ile njia ya kawaida ya kwenda ofisini na barua mkononi nshaipita na ntaeleza huko mbele yaliyonikuta, na pia kwa sababu jambo lenyewe, la kuokoa madaftari ya safari ya manahodha wetu kabla hayajapotea, sio langu peke yangu, ni la mwambao mzima kuanzia Lamu mpaka Kilwa, na la ndugu zetu waliopo Sur na Maskati huko Oman ambao mpaka leo majumbani mwao wanazungumza Kiswahili.

Mwezi uliopita nilifuatana na mwanangu wa darasa la tano kwenye ziara ya shule kwenda kuangalia vitu vya kale. Watoto kama arobaini hivi. Wakaoneshwa mfano wa jahazi, mzuri kwa kweli, umechongwa na fundi anayeijua kazi yake, mpaka kamba zimefungwa inavyotakiwa. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono akauliza, "Walikuwa wanapika wapi?" Yule kijana aliyekuwa anatutembeza akanyamaza, akaliangalia jahazi, akaiangalia karatasi yake, halafu akaendelea na habari za sultani gani alitawala mwaka gani. Simlaumu kijana, karatasi aliyopewa haina jibu, yeye angelitoa wapi. Lakini lile swali nilirudi nalo nyumbani na usiku nikalala nalo, kwa sababu jibu lake mie ninalo, limo ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha ami yangu.

Babu yake baba yangu alikuwa nahodha. Akenda Arabuni na kurudi miaka mingi, na katika madaftari yake yote limebaki moja tu, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hapa na pale anachanganya Kiarabu chenyewe, wino umegeuka rangi ya chai, na kona yote ya chini imeliwa na maji ya chumvi kiasi kwamba kila ukurasa mistari miwili ya mwisho haisomeki. Ami ana miaka 81 na ndiye peke yake kwenye ukoo wetu anayeweza kulisoma bila kusitasita. Mie najikongoja, neno kwa neno, na ndo najifunza.

Ukurasa mmoja nauweka hapa kama alivyonisomea:

"Mfungo Mosi 20, mwaka 1310. Mwongo wa 26. Kusi nyepesi, baada ya alasiri imezidi. Tumetua tanga kubwa tumetweka dogo. Maji mapipa matatu na nusu. Ngama imefuliwa mara nne. Mtoto wa mpishi ana homa."

Basi, ndo siku nzima hiyo. Mfungo Mosi ni mwezi wa Shawwal, na 1310 ni mwaka wa Hijria. Kwa kalenda ya leo ni Mei ya 1893, chombo kimeshatoka Unguja kinapanda Arabuni na kusi, upepo wa kusini, inakisukuma kwa nyuma. Nataka mnivumilie kidogo niukae huu ukurasa, maana ndani yake mna kila kitu ninachokililia.

Kwanza hiyo "mwongo wa 26". Mtu atajiuliza kwa nini nahodha aandike tarehe mara mbili. Mwezi wa kuandama unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo Mfungo Mosi ya mwaka huu ikiwa kwenye kusi, baada ya miaka kadhaa itakuwa kwenye kaskazi, upepo wa kaskazini, sasa utasafirije kwa kalenda hiyo? Ndo wazee wakawa na hesabu ya pili, ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 unaokatwa vipande vya siku kumi kumi, kila kipande kinaitwa mwongo. Mabaharia walikuwa wanajua kabisa mwongo gani kaskazi inaingia, mwongo gani bahari inafungwa, mwongo gani mvua. Leo Nairuzi tumebaki nayo kama sherehe ya Mwaka Kogwa pale Makunduchi, watu wanakwenda kupigana kwa migomba na kupiga picha na ni jambo zuri sana lisife, lakini kwamba ile siku ilikuwa ndo siku ya kwanza ya kalenda ya kazi, kalenda ya kuokolea roho za watu baharini, hilo ukimuuliza kijana wa miaka 20 hajui na hakuna aliyemwambia.

Halafu pepo zenyewe. Kaskazi inaingia Novemba na Disemba, inavuma mpaka Machi, hapo ndo vyombo vya Ghuba na Hadhramaut na Bara Hindi vinashuka na tende na chumvi na papa mkavu na mazulia. Kusi inaanza Aprili, na ikifika Juni na Julai inakuwa kali mpaka wanasema bahari imefungwa, chombo kinawekwa ufukweni kinakalafatiwa na kupakwa shahamu na chokaa chini kuzuia wadudu wanaotoboa mbao, kisha Agosti na Septemba inalegea na wanapata nafasi nyingine ya kupanda. Katikati kuna tanga mbili, wakati upepo haujaamua, tanga unaliweka upande huu, baada ya saa unaliweka upande ule. Kuna matlai inayotoka linakochomozea jua, kuna umande unaotoka bara alfajiri ambao ndo ulikuwa unawatoa bandarini. Na juu ya yote wanaangalia Kilimia, zile nyota zilizojikusanya pamoja, na ule msemo wa kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hata neno msimu tunalolitumia kwa mpira na kwa maembe ni la hao hao watu, ni neno la Kiarabu la wakati wa safari.

Sasa rudini kwenye ukurasa. "Tumetua tanga kubwa tumetweka dogo." Maneno matano, nyinyi mkiyasoma mnapita. Ami alinisimulia alivyosimuliwa na babu yake ile kazi ilivyokuwa. Foromali, lile boriti refu linaloshika tanga, kwenye chombo kikubwa linakuwa limeungwa miti miwili au mitatu kwa kamba, uzito wake watu ishirini wanavuta henza, kamba ya kutwekea tanga, huku wanaimba, na wimbo sio wa kujifurahisha, wimbo ndo unaowapa pumzi ya pamoja, anayekosea kiitikio anawakosesha wenzake mvuto. Na chombo cha tanga la pembe tatu hakigeuzi mbele ya upepo kirahisi, wanakizungusha kwa nyuma, foromali linasimamishwa wima, tanga linapitishwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, na muda wote huo upepo umeshika kitambaa kikubwa kama ua wa nyumba. Fanya hivyo usiku, mvua inanyesha, mbao zinateleza, taa ni kandili moja ndogo kwenye sanduku la dira na nyingine hakuna. Ami anasema babu yake alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kushoto na mtoto mdogo akimuuliza anajibu, "Vimebaki kwenye henza."

"Ngama imefuliwa mara nne." Hapa ndo nawageukia nyinyi wa mitaala. Watoto wetu wote wanasomeshwa methali ya enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, wanaulizwa kwenye mtihani wa Kiswahili, wanajibu maana yake ni kwamba mtu hata aende wapi atarudi kwao, wanapata alama. Muulizeni tezi ni nini. Muulizeni omo ni nini. Nimeuliza mwenyewe watoto saba wa mtaani kwetu, wote wanaijua methali na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni pale chini kabisa ndani ambapo maji yote yanayovuja yanakusanyika, iwe yameingilia mbele au nyuma yatakwenda hapo tu, na lazima mtu ashuke na ndoo ayateke, kwenye kiza, kwenye harufu ya maji yaliyolala na mafuta ya papa, mara nne kwa siku wakati chombo kinavuja kidogo na mara zisizohesabika kikivuja sana. Tumewapa watoto ganda tukawanyima kokwa. Na ziko nyingi za namna hiyo, kwenda mrama, kushika usukani, kung'oa nanga, tunaongea bahari mdomoni kutwa nzima na hatujui kama ni bahari.

"Maji mapipa matatu na nusu." Maji ya kunywa yalikuwa kwenye mapipa na matangi ya mbao, na nahodha anayahesabu kila siku kuliko anavyohesabu fedha. Kuoga ni maji ya bahari, kufua ni maji ya bahari, udhu maji ya bahari. Upepo ukiwa mzuri safari ya kufika Arabuni ni wiki tatu mpaka mwezi, lakini upepo ukifa njiani, ikawa shwari, tanga limening'inia kama nguo kwenye kamba, hapo ndo kila mtu anakuwa anaangalia pipa. Daftari lina siku tisa mfululizo alizoandika neno moja tu, "shwari", na chini yake idadi ya maji, inashuka kila siku. Siku ya kumi ameandika "alhamdulillahi" na hakuandika upepo uliingia kutoka wapi. Nahodha aliyekuwa haachi kuandika upepo, siku hiyo kasahau.

Na jibu la yule mtoto wa kike ni hili, walikuwa wanapika juu, kwenye sanduku la mbao lililojazwa mchanga, mafiga matatu juu yake, kuni zimefunikwa zisilowe. Wali, samaki wanaovuliwa kwa mshipi njiani, samli kama ipo, kahawa baada ya alfajiri. Wimbi likipanda moto unazimika, siku hiyo ni tende na ng'onda, samaki wa kukaushwa, na mnashukuru. Choo ni kisanduku cha mbao kimening'inizwa nje ya tezi, chini yako bahari, unashikilia kamba. Abiria wanalala juu ya mzigo, na mzigo wa kupanda Arabuni mara nyingi ilikuwa boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, sasa piga picha unalala mwezi mzima juu ya boriti. Mtoto wa darasa la tano ukimwambia haya atakukumbuka mpaka anazeeka, na mwaka aliotawala sultani fulani atausahau kesho asubuhi.

Mnielewe, sisemi masultani wasisomwe. Angalieni safari ya Sultana. Meli ya Seyyid Said bin Sultan, mwanzoni mwa 1840 imeondoka Unguja, imezunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda Atlantiki karibu miezi mitatu jumla, na tarehe 30 Aprili 1840 ikatia nanga New York. Tunajua ilibeba tende, kahawa, mazulia, pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi. Tunajua zawadi za rais Martin Van Buren, zikiwemo farasi wawili. Tunaijua sura ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman kwa sababu mchoraji Edward Mooney alimchora akiwa huko huko. Tunajua Wamarekani waliikarabati meli bandarini kwao maana bahari ilikuwa imeichakaza. Lakini yule baharia aliyepanda juu ya mlingoti kusini ya Rasi, kwenye baridi ambayo mtu wa Unguja hajawahi kuiona maishani, kavaa kanzu na kikoi, vidole vimekufa ganzi, yeye alikula nini siku ile, aliogopa nini, alipoona mji ule mkubwa alisema nini kwa Kiswahili au kwa Kiarabu chake, haya hayapo. Safari ilikuwa yetu, na sehemu yake tamu na chungu zaidi imepotea kwa sababu hakuna aliyeona ni jambo la kuandika.

Na kuna kitu kingine ndani ya daftari ambacho wengine kwenye ukoo wamenambia nisikitaje. Nakitaja. Ukurasa wa mbele kabisa kuna majina ya mabaharia 22 wa safari ile na fungu la kila mmoja, maana hawakuwa wanalipwa mshahara, faida ya safari inagawanywa mafungu, nahodha yake, serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, yake, mpishi yake, baharia yake. Majina 15 yana jina la baba. Majina saba hayana, mahali pa jina la baba pameandikwa "wa fulani", jina la bwana, na mbele yao fungu limeandikwa lakini limewekewa alama kwamba linachukuliwa na huyo bwana. Hao walikuwa watumwa. Walivuta henza ile ile, walifua ngama ile ile, na fungu lao likaenda kwa mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake. Mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, aliutia saini tarehe 5 Juni 1873, lakini utumwa wenyewe hapa Unguja ulikuwa bado halali mpaka 1897, na chombo cha babu yetu kilikuwa kinatembea katikati ya miaka hiyo. Kabla yake vyombo kama hivyo hivyo vilishusha watu kutoka Kilwa waliopangwa kama boriti. Naomba daftari hili likisomwa lisomwe lote na hilo likiwemo, hao watu saba majina yao yapo kwa mkono wa babu yangu na huenda ndo mahali pekee duniani yalipoandikwa.

Sasa nyinyi wa hali ya hewa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Aprili, wakati wa tanga mbili, vyombo vinangoja kusi ikae sawa ili viweze kupanda Arabuni, na sisi tupo karibu sana na mstari wa ikweta, vimbunga kwa kawaida havitufikii, hakuna mzee aliyekuwa anakitegemea. Meli za Seyyid Barghash zikaharibika, majahazi yakarushwa ufukweni, mikarafuu ya Unguja ikang'oka sehemu kubwa na Pemba ikasalimika, ndo maana ukitaja karafuu mpaka leo mtu anafikiria Pemba. Kuziba pengo la meli zake Barghash akaagizia meli iliyoitwa Glasgow, ile ile iliyokuja kuzamishwa na Waingereza 27 Agosti 1896 na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji pale bandarini miaka na miaka. Kizazi chetu tulidhani mambo hayo ni hadithi mpaka Mei 2024 kilipokuja Kimbunga Hidaya na boti za Dar na Unguja zikasimamishwa na watu wakawa wanaulizana mitandaoni kama hii kitu imewahi kutokea. Imewahi. Watu waliokuwa vyomboni waliiona mpaka dalili zake, mbingu ilikuwaje, upepo ulianzia wapi ukageukia wapi, na nani aliandika?

Wenzetu wameandika, na hapa ndo naumia zaidi. Mmarekani mmoja wa jeshi la maji, Matthew Fontaine Maury, miaka ya 1840 alikusanya vitabu vya safari vya meli za tanga, vile ambavyo nahodha anaandika kila siku upepo na bahari, akavitoa vumbi, akatengeneza ramani za pepo na mikondo kuanzia 1847, na 1853 nchi kumi zikakaa Brussels zikakubaliana namna moja ya kuandika hali ya hewa baharini. Vitabu vya meli za kivita za Waingereza zilizokuwa zinakaa bandari yetu wenyewe vimehifadhiwa London. Vya meli za Salem, mji wa bandari huko Marekani, wale walioleta kitambaa tunachokiita merikani, vimehifadhiwa Massachusetts. Kuna mradi unaitwa Old Weather, ulianza 2010, watu wa kawaida wakiwa majumbani wanafunguliwa picha za kurasa za vitabu hivyo kwenye kompyuta na wananakili upepo na joto mstari kwa mstari, na wanasayansi wanavitumia kujua hali ya hewa ya zamani ilikuwaje ili wapime ya leo. Daftari la meli, jamani! Kitu kile kile kilichomo kwenye kopo letu la biskuti. Lakini wao waliandika kwa namba na dira, wetu waliandika kwa majina, kusi nyepesi, kusi ya kukata tanga, umande mzito, na majina hayo yanabeba mambo ambayo namba peke yake haiyabebi, inabidi apatikane mtu wa hali ya hewa akae na mzee anayeyajua, bega kwa bega, wakubaliane kusi ya kukata tanga ni spidi ngapi. Na huyo mzee ana miaka 81.

Nilisema ntaeleza yaliyonikuta. Miaka mitatu iliyopita nililichukua daftari nikalipeleka ofisi moja, siitaji wala simtaji aliyenipokea. Nilitaka waliskani tu, kisha walirudishe. Nilipokelewa vizuri, nikaandikishwa, nikaambiwa niliache na nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi. Mwenye funguo hayupo. Nikarudi tena, mashine ya skani mbovu, imeagizwa nyingine. Nikarudi, nikaambiwa yule aliyekupokea kahamishwa. Jumla nilirudi mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja nikaomba niingie mwenyewe, nikalikuta juu ya kabati chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, bado limo kwenye mfuko wa plastiki ule ule nilioleta nao, na kurasa za katikati zimeshikana. Lilivuka bahari, lilikaa miaka 130 kwenye nyumba za watu wasio na kitu, halafu likaja kulowa ofisini. Ami nilipomrudishia hakusema neno, alilifungua polepole akaweka karatasi ya gazeti katikati ya kila ukurasa, siku ile nzima mpaka magharibi, na zile zilizoshikana akaziacha kama zilivyo kwa sababu anaogopa kuzichana.

Kwa hiyo nnachokiomba sio jengo, sio bajeti ya mabilioni. Naomba mtu mmoja na simu nzuri ya kupiga picha, apite nyumba kwa nyumba, Ng'ambo, Nungwi, Mkokotoni, Pemba yote, Bagamoyo, Mombasa, Lamu, apige picha kurasa pale pale barazani mbele ya wenyewe na aondoke bila kuchukua kitu, daftari libaki kwa mwenyewe. Watu wengi wanavyo hivi vitu na hawavitoi kwa sababu yaliyonikuta mie yamewakuta na wao. Naomba wazee warekodiwe sauti, na sio kuulizwa maswali ya sultani nani, waulizwe kamba hii jina lake nani, wingu gani ulikuwa ukiliona unatua tanga kabla nahodha hajasema, bildi, ile risasi ya kupimia kina, ikiinuka ina matope badala ya mchanga mko wapi. Mpishi aulizwe, kama yuko hai mpishi. Naomba karatasi ya yule kijana wa makumbusho iongezwe ukurasa mmoja wa mpishi, wa maji, wa usingizi, wa choo, na wa wale saba. Na kitabu cha Kiswahili kinapofundisha tezi na omo pawe na mchoro wa chombo pembeni, mchoro mmoja tu wenye majina yake. Na nyinyi wa hali ya hewa mnaposoma utabiri redioni, semeni kusi, semeni matlai, semeni umande, wavuvi wanawasikiliza na hayo ndo maneno yao, na pelekeni japo mtaalamu mmoja akae na ami wiki moja.

Ami anakaa barazani kila siku baada ya alasiri mpaka magharibi, kahawa ipo. Jicho lake la kulia limeanza kufunga mtoto wa jicho, daktari kampa tarehe ya kupasuliwa na yeye anasema mpaka kaskazi iingie kwanza. Kurasa alizokwisha kunisomea na mie nikaziandika kwa herufi hizi ni 47. Zilizobaki, ukiacha zile zilizoshikana, ni 112. Tunakwenda ukurasa mmoja kwa siku akiwa mzima, na wiki iliyopita alikuwa mzima siku mbili.

Wabillahi tawfiq.

Mjukuu wa nahodha, Unguja